Jinsi ya kuelewa spidi na mchapuko kwa kutumia mita 100 za Bolt

Mwendo unawashinda watu wengi kwenye fizikia na wala tatizo sio hesabu, hesabu zake ni kutoa na kugawanya tu, tatizo ni kudhani kitu chenye spidi kubwa ndo chenye mchapuko mkubwa (mchapuko ni jinsi spidi inavyobadilika kadri muda unavyopita). Sio kweli kabisa. Chukua karatasi na kikokotoo cha simu tufanye wote, tutatumia mita 100 za Usain Bolt kule Berlin mwaka 2009, zile za sekunde 9.58.

Kwanza spidi ya wastani. Umbali gawanya kwa muda, 100 kwa 9.58, unapata mita 10.44 kwa sekunde. Ukitaka kilomita kwa saa zidisha kwa 3.6 (saa ina sekunde 3600, kilomita ina mita 1000, ndo inakotoka), inakuja kama 37.6. Ila hiyo namba inaficha mengi maana jamaa alianza akiwa hajasogea hata kidogo, spidi sifuri.

Kwa hiyo mbio tunazikata vipande vya mita 20. Muda wake ulikuwa 2.89, halafu 1.75, 1.67, 1.61 na cha mwisho 1.66. Gawanya 20 kwa kila muda utapata spidi za 6.9, 11.4, 12.0, 12.4 na 12.0. Zitazame vizuri hizo namba hata dakika nzima, kila kitu kimo humo.

Sasa mchapuko ni spidi imebadilika kiasi gani, gawanya kwa muda uliotumika kubadilika. Toka kipande cha kwanza kwenda cha pili imepanda 4.5, na toka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine ni sekunde 2.3 hivi, kwa hiyo mchapuko ni kama 1.9, yani kila sekunde inayopita anaongeza karibu mita 2 kwa sekunde. Toka cha tatu kwenda cha nne, pale anapofikia spidi yake kubwa kuliko zote, mchapuko ni 0.3 tu! Na mwishoni ni hasi, anapungua. Wengi huwa tunaona kama Bolt anaongeza mwendo mwishoni, kumbe hata yeye anapungua.

Hata mwili wako unalijua hili. Daladala ikiwa kwenye lami iliyonyooka na spidi haibadiliki unasimama vizuri tu, dereva akikanyaga mafuta au breki ndo unatafuta bomba la kushika. Akikata kona pia unayumba hata kama mshale wa spidi haujasogea, kwa sababu kubadili mwelekeo nako ni mchapuko, na hapa ndo utaona kwa nini velositi lazima itaje na upande unaoelekea wakati spidi haijali.

Ukitaka ikukae kichwani pima mwenyewe. Weka mawe kila mita 10 mpaka 40, mwenzako akimbie akianzia kusimama, mrekodi video kwa simu ukiwa mbali kidogo pembeni ili mawe yote yaonekane, halafu irudishe taratibu uandike muda wa kila jiwe. Saa ianze pale mguu wake wa nyuma unaponyanyuka, ukianzia kwenye filimbi utakuwa umejumlisha na muda wa kushtuka, na kipande cha kwanza kitaonekana kizito kuliko kilivyokuwa.