Kuoanisha dawa za Kichina: uwiano, upimaji na uchemshaji

Cheti cha tabibu wa tiba ya jadi ya Kichina kinaweza kuwa na dawa kumi au kumi na mbili, lakini mjuzi akikisoma haoni dawa kumi na mbili. Anaona jozi tano au sita. Jozi hizo huitwa dui yao. Shi Jinmo, tabibu maarufu wa Beijing aliyefariki mwaka 1969, alijulikana kwa kuandika dawa zake mbilimbili, na hiyo bado ndiyo njia nzuri ya kujifunzia. Dawa mbili mtu anaweza kuzielewa mpaka mwisho: ipi inafanya nini, kwa nini zimewekwa pamoja, na kitu gani kitaharibika ukigusa kipimo.

Kipimo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Orodha ndefu za jozi zisizotaja gramu hazikufikishi mbali, kwa kuwa majina yaleyale mawili kwa uwiano tofauti hutibu maradhi tofauti. Matumizi yanayotajwa hapa chini ni ya mapokeo ya tiba ya Kichina. Si yote yaliyothibitishwa na majaribio ya kisasa, na mwenye ugonjwa unaoendelea aanze kwa daktari wake.

Dawa mbili zikikutana

Vitabu vya kale vya dawa vya China vinataja mahusiano saba, moja likiwa la dawa inayotumika peke yake. Katika sita yaliyobaki, mawili ni ya kusaidiana. Dawa za tabia moja huongezeana nguvu, kama shi gao (jasi) na zhi mu (mzizi mchungu), zote za kupoza homa kali yenye kiu na jasho jingi. Au dawa moja huwa kuu na ya pili huisukuma. Mahusiano mawili mengine ni ya kupunguza sumu, na hapa mfano wa kila siku ni ban xia, kiazi kikali chenye sumu, na tangawizi mbichi. Moja ni la kupunguziana nguvu, ambalo huepukwa kwa kuwa ni hasara tu. La mwisho ni la kuzalisha madhara, nalo limekatazwa kabisa.

Mbali na hayo kuna jozi za vinyume, ambazo ndizo zenye ufundi mwingi: baridi na moto, kupandisha na kushusha, kutoa na kuzuia. Mgeni wa fani hii hudhani zinafutana. Hazifutani, mradi uwiano umepangwa.

Gui zhi na bai shao

Chukua jozi hii uisome polepole. Gui zhi ni vitawi vya mdalasini wa Kichina: vya moto, hufungua ngozi na kusukuma kuelekea nje. Bai shao ni mzizi mweupe wa piyoni: una uchachu na ubaridi kidogo, hukusanya na kutuliza. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa enzi ya Han, aliziweka sawa kwa sawa, liang 3 kwa liang 3 (liang ni kipimo cha uzito cha kale cha China), kwa mtu mwenye mafua anayeogopa upepo na ambaye tayari anatoka jasho kidogo. Siku hizi huwa ni gramu 9 kwa gramu 9, pamoja na tangawizi mbichi, kunazi nyekundu na urukususu (mzizi mtamu) uliokaangwa kwa asali. Moja inafungua, nyingine inashika ili jasho lisimwagike.

Sasa ongeza bai shao mara mbili, iwe 9 kwa 18. Dawa haiko tena kwenye ngozi. Imeshuka tumboni, na hutumika kwa maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka. Ukirudi kwenye 9 kwa 9 na kupandisha gui zhi hadi 15, inakuwa dawa ya mtu anayehisi kitu kikikimbia kutoka chini ya kitovu kupanda kifuani. Vitu vya chunguni havikubadilika hata kimoja.

Kwa mafua kuna sharti la ziada ambalo wengi huliruka: baada ya kunywa, mgonjwa anywe uji mwepesi wa mchele wa moto na ajifunike kwa muda wa saa mbili hivi. Jasho linalotakiwa ni unyevu mwembamba mwili mzima. Likitiririka, kipimo kimezidi, na mgonjwa ataamka mchovu na baridi yake iko palepale. Likipatikana kwa kikombe cha kwanza, cha pili hakinywewi.

Jozi ambazo uwiano wake hauchezewi

Huang qi (mzizi wa kuongeza nguvu) na dang gui (mzizi wa kujenga damu) ni 5 kwa 1: gramu 30 kwa gramu 6. Jozi hii ni ya Li Dongyuan, tabibu wa karne ya 13, na lengo lake ni kujenga damu kwa mtu aliyedhoofika. Kinachoshangaza ni kwamba dawa ya damu, dang gui, ndiyo ndogo. Hoja yake ni kwamba nguvu ikirudi, damu hufuata. Anayegeuza uwiano kwa kudhani anaimarisha damu anapata dawa ya kusukuma damu na kulainisha choo, na mgonjwa dhaifu ataishia kuhara.

Huang lian (mzizi) na wu zhu yu (tunda dogo kavu) ni 6 kwa 1, kwa kiungulia chenye uchachu na mdomo mchungu. Ya kwanza ni baridi na chungu sana, ya pili ni ya moto mkali. Ule moto kidogo huzuia ubaridi usiumize tumbo na pia hushusha kinachopanda. Ukiugeuza uwiano, wu zhu yu ikawa ndiyo nyingi, unakuwa umetengeneza dawa ya tumbo la baridi, na mwenye kiungulia cha joto ataungua zaidi. Kwa kawaida husagwa na kufinyangwa vidonge vidogo badala ya kuchemshwa, jambo linalofaa, maana mchemsho wake ni mchungu kiasi cha kumtapisha mtu.

Bai shao na urukususu (gan cao) ni sawa kwa sawa, gramu 12 hadi 15 kila moja, kwa kukaza kwa misuli ya shavu la mguu. Ni jozi rahisi na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Urukususu una glisirizini, ambayo hubakiza chumvi na maji mwilini, hupoteza potasiamu na kupandisha shinikizo la damu. Potasiamu ikishuka, misuli hukaza na kulegea. Kwa hiyo anayeendelea na mchemsho huu kwa wiki nyingi anaweza kuirudisha shida ileile aliyokuwa akiitibu, akaongeza kipimo, na mambo yakazidi kuharibika. Ni jozi ya siku chache. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au moyo, au anayetumia vidonge vya kukojoza, asiiguse bila daktari.

Mwenza akibadilika

Ma huang, yaani vitawi vya mmea wa efedra, ni mfano mzuri wa dawa inayofuata mwenza wake. Ikiwa na gui zhi hutoa jasho kwa nguvu. Ikiwa na shi gao nyingi kuliko yenyewe, kama mara mbili, haitoi tena jasho bali hufungua pumzi kwa mgonjwa mwenye joto kifuani. Ielewe hivyo, lakini usiichemshe nyumbani. Ina efedrini, ambayo hupandisha shinikizo na kuhangaisha moyo. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye kitu hicho mwaka 2004.

Ban xia nayo inahitaji uangalifu wake. Ikiwa mbichi huchoma ulimi na koo na inaweza kuvimbisha njia ya hewa. Kipande kidogo cha tangawizi chunguni hakitoshi kuiondolea ukali huo. Inatakiwa inunuliwe ikiwa tayari imetengenezwa, na pakiti iseme jiang ban xia, fa ban xia au qing ban xia. Hapo gramu 6 hadi 9 huenda na tangawizi mbichi kwa kichefuchefu, au na chen pi, ganda kuukuu la chenza, kwa makohozi mengi meupe. Ganda la chenza likiwekwa muda mrefu hupungua ukali, na wauzaji hulipandishia bei kwa umri wake.

Shu di huang na sha ren ni jozi ya busara tu. Shu di huang, mzizi uliopikwa, ni nyeusi, nzito, ya kunata, na tumbo dhaifu hujaa gesi na kukosa hamu ya kula. Gramu 3 za sha ren, mbegu za jamii ya iliki, zikipondwa na kutiwa dakika tano za mwisho, humaliza tatizo hilo.

Kuchemsha

Tumia chungu cha udongo, kioo kinachohimili moto au sufuria ya chuma cha pua. Chuma cha kawaida, shaba na alumini huachwa, kwani tanini ya mizizi hushikana na madini na mchemsho hubadilika rangi na ladha.

1. Pima kila dawa kwa mizani inayosoma gramu moja. Dawa hazioshwi kwa kusuguliwa. Suuza upesi kama kuna vumbi.
2. Loweka kwenye maji baridi kwa dakika 30, maji yazidi dawa kwa sentimita 2 hadi 3. Usianze na maji ya moto, kwa sababu tabaka la nje la mizizi hukaza na kilicho ndani hakitoki vizuri.
3. Moto mkali mpaka yachemke, kisha punguza. Dawa za mafua zenye harufu: dakika 10 hadi 15. Za kawaida: 20 hadi 30. Za kujenga mwili: 40 hadi 60.
4. Chuja yakiwa moto. Ongeza maji mapya, chemsha mara ya pili kwa muda mfupi kidogo.
5. Changanya michemsho miwili, kisha gawa vikombe viwili vya mililita 150 hadi 200: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Mchemsho wa kwanza na wa pili haulingani nguvu, ndiyo maana huchanganywa. Anayekunywa wa kwanza asubuhi na wa pili jioni anakunywa dawa mbili tofauti.

Jozi nyingi huharibikia kwenye hatua ya tatu, pale dawa mbili zinapotaka muda tofauti. Shi gao, gamba la chaza na magamba mengine husagwa na kutangulia kwa dakika 20 hadi 30. Nanaa, sha ren na gou teng huingia dakika 5 za mwisho. Nanaa iliyochemshwa nusu saa imebaki majani tu, harufu yote imekwenda na mvuke. Da huang, mzizi wa kuharisha, ikiingia mwishoni huharisha, ikichemshwa muda mrefu hupungua ukali huo, hivyo usiitie bila kujua unataka lipi. Mbegu za che qian zi hutoa ute unaoganda chini ya chungu na kuungua, na maua ya xuan fu hua yana manyoya yanayowasha koo: vyote vifungwe kwenye mfuko wa shashi. E jiao, ambayo ni gundi ya ngozi ya punda, haichemshwi na wenzake. Huyeyushwa pembeni, kisha humiminwa kwenye mchemsho uliokwisha chujwa.

Dawa ikiungua chunguni, imwage. Kuongeza maji hakuiokoi.

Makosa ya majina na vipimo

Bai shao na chi shao zote ni piyoni, lakini moja hukusanya na nyingine hutawanya damu. Gui zhi ni kitawi, rou gui ni ganda. Sheng di huang hupoza, shu di huang hujenga. Haya ni makosa ya kuharibu jozi. Yapo ya kuharibu figo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake wengi waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza uzito walipata figo kufeli baada ya guang fang ji, yenye asidi aristolokiki, kuchukua nafasi ya fang ji ya aina nyingine. Kwa hiyo hitaji jina la kisayansi kwenye pakiti, hasa kwa chochote kinachoitwa fang ji au mu tong.

Ukisoma vyeti vya zamani, qian 1 (sehemu ya kumi ya liang) huhesabiwa gramu 3 na liang 1 gramu 30, lakini liang ya enzi ya Han ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa kanuni za Zhang Zhongjing, vitabu vingi vya kufundishia hutumia gramu 3 kwa liang moja. Anayezidisha kwa 30 atakuwa ameweka mara kumi. Chembechembe zilizokolezwa nazo hazibadilishwi gramu kwa gramu na mizizi mikavu. Kila kiwanda kina kiwango chake, nacho huandikwa kwenye kopo.

Makatazo kumi na nane ya jadi yanahitaji kukaririwa. Yanayokutana na mtu mara kwa mara ni haya: urukususu hauendi na gan sui, da ji, yuan hua wala hai zao, wu tou haiendi na ban xia, gua lou, bei mu, bai lian wala bai ji, li lu haiendi na jinseng, piyoni, xi xin na mizizi kadhaa yenye jina la shen. Wu tou na fu zi ni akoniti, sumu ya moyo. Hata pale zinapooanishwa na tangawizi kavu au urukususu ili kupunguza ukali, kazi hiyo ni ya mtaalamu mwenye leseni.

Dan shen na dang gui zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Jozi za kusukuma damu, kama tao ren na hong hua, hazitolewi kwa mjamzito.

Ukitaka kurekebisha jozi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: gramu za dawa moja, au mwenza, au muda wa kuchemsha. Andika tarehe, gramu, na hali ya choo, usingizi na jasho. Mchemsho uliobaki hukaa kwenye friji hadi kesho yake na hupashwa moto kabla ya kunywewa. Upele, mapigo ya moyo ya ajabu, ganzi ya midomo au ulimi, mkojo kuwa mweusi au macho kuwa ya njano: acha dawa saa hiyohiyo, beba pakiti na mabaki ya chunguni, na uende hospitali.