Umeacha kuamini, na ukoo unakusubiri Krismasi: namna ya kuamua

Kwetu ni Marangu, Kilimanjaro. Ikifika Oktoba, kundi la WhatsApp la ukoo linaanza kuulizana nani anapanda lini, nani analeta mchele, mbuzi anatoka kwa nani. Watu wa Dar hututania kwamba Wachaga Desemba tunakwenda kuhesabiwa, na kweli asiyeonekana huulizwa. Mimi siamini Mungu. Nimelelewa Kilutheri, nimepata kipaimara, marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo kila mwaka nina uamuzi wa kufanya, na wadogo zangu wawili watatu kwenye ukoo wameshanivuta pembeni kuniuliza wao wafanyeje. Ninachowaambia ni hiki.

Amua mapema, kabla ya Novemba kwisha. Desemba ikikolea, tiketi za basi pale Mbezi zinagombaniwa, na treni ya Moshi iliyorudi mwaka 2019 nayo hujaa. Aliyechelewa kuamua huishia kuamuliwa na simu ya shangazi.

Halafu usijiulize kama utasherehekea Krismasi au la. Swali hilo ni kubwa mno na halina jibu. Sikukuu ya kwetu ni mambo mengi yaliyofungwa pamoja: ibada, mbuzi, pombe ya mbege, kusafisha makaburi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kikao cha ukoo, michango, kumwona bibi ambaye huenda mwakani hayupo. Yafungue uyatazame moja moja. Ukiyatazama hivyo utaona mengi ni ya ukoo kuliko ya kanisa, na ukoo wako hujauacha. Kipimo changu ni kifupi: sitamki kwa mdomo wangu nisichokiamini, na simzuii mtu kutamka anachokiamini.

Kanisani ndipo kipimo hicho hufanya kazi hasa. Mimi huenda ibada ya asubuhi ya tarehe 25 kwa sababu Mama hawezi tena kuteremka kile kilima peke yake na anapenda kushikwa mkono na mimi. Wakisimama, nasimama. Nyimbo naziimba, maana nimezijua tangu utoto na sauti ya pili ni yangu. Lakini wakianza “Namwamini Mungu Baba Mwenyezi”, nanyamaza. Kile ni kiapo, nami siapi uongo mbele ya watu wanaokichukulia kwa uzito. Meza ya Bwana vilevile siikaribii. Hapa nakupa jambo la vitendo: kaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani. Ukikaa upande wa njia, benchi zima litakupita magotini likienda mbele, na kila mmoja atakutazama usoni. Ukutani wanatoka, wanarudi, wewe umetulia. Baada ya ibada kuna mnada wa mazao ya sadaka nje. Mkungu wa ndizi nanunua, kwa sababu unarudi nyumbani na unapikwa mtori, supu yetu ya ndizi.

Mezani mtego ni mmoja tu: “Haya, dada wa Dar, tuombee chakula.” Usisubiri uitwe. Zungumza na ndugu mmoja unayemwamini siku moja kabla, mkubaliane kwamba ukitajwa wewe, yeye anaitikia na kuomba. Kwetu ni mdogo wangu wa kiume anayefanya hivyo, na anaifurahia kazi hiyo. Ikishindikana, simama useme yale unayoyamaanisha: mshukuru aliyechinja, washukuru waliokesha jikoni, wataje waliotangulia kwa majina, kisha umwachie mzee amalizie kwa sala. Nimefanya hivyo, na hakuna aliyeona pengo. Wakati wenyewe wanaomba, inamisha kichwa au kaa kimya. Kushika simu wakati huo ni dharau, na hapo hutetei msimamo wowote.

Pesa ziamue ukiwa Dar, siyo bahasha ikiwa imeshawekwa mkononi. Mimi mchango wa ujenzi wa kanisa sitoi, na nimelisema hilo waziwazi mara moja, kwa upole. Mbuzi natoa. Dawa za bibi natoa. Ada ya mtoto wa kaka natoa, hata kama shule ni ya kanisa. Nisingekuwa mkweli nikisema sidaiwi na watu hawa: nilizaliwa katika hospitali ya Kilutheri, na herufi za kwanza nilifundishwa kwenye darasa la jumuiya. Shukrani hiyo ninayo, na haihitaji niamini.

Je, uwaambie? Si lazima, na kama unategemea karo au paa lao, ngoja ujitegemee kwanza. Ukiamua kusema, usiseme tarehe 25, wala usiseme mbele ya kadamnasi. Mwambie mtu mmoja, wiki kadhaa kabla, ana kwa ana au kwa simu mkiwa na nafasi. Mimi nilimwambia Mama mwezi wa Agosti, tukimenya ndizi. “Mama, mimi kuamini siamini tena.” Akaendelea kumenya. Kisha akauliza: “Kwa hiyo Desemba hutakuja?” Hofu yake ya kwanza ilikuwa hiyo. Nikamwambia nitakuja. Mengine tumeendelea kuyazungumza miaka iliyofuata, na bado ananiombea. Simkatazi.

Haki yako imeandikwa katika Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania: uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Na usidhani uko peke yako. Sisi sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, lakini Kenya waliuliza mwaka 2019, na zaidi ya watu 750,000 wakajibu kwamba hawana dini. Wengi wao bila shaka wana mama na shangazi kama wako.

Kuna mwaka wa kutokwenda, na hapo usijilazimishe. Rafiki yangu mmoja alikuta sebule imepangwa viti, na kikundi cha maombezi kinamsubiri kumkemea pepo. Ukijua hilo linaandaliwa, au kuna mtu ametishia kukupiga au kukufukuza, baki. Tuma pesa ya mbuzi mapema, piga simu asubuhi ya sikukuu, na taja tarehe kamili utakayokwenda, kama ni Februari au Juni. Usiseme “nitaangalia”. Mzazi aliyepewa tarehe hulala, aliyeambiwa “nitaangalia” hakai akatulia.

Watoto wako waache waende na binamu zao kuona igizo la kuzaliwa Yesu. Wakikuuliza usiku, wajibu kweli: bibi anaamini hivi, mimi siamini, na sote tunampenda bibi. Ila ubatizo ni jambo lenu wewe na mwenzako. Likiletwa kwenye kikao cha ukoo tarehe 26, sema tu kwamba mtalizungumza nyumbani kwenu, na ulirudie jibu hilo hilo bila kuongeza neno.

Siku hiyohiyo ya 26, kwetu, mchungaji hupita kusalimia. Mpokee, mletee kiti, mpe soda au chai. Akikuuliza mbona huko Dar humo katika usharika wowote, mjibu: “Mchungaji, sisali tena, lakini nimefurahi umekuja kumwona Mama.” Wangu alinitazama kidogo, akaomba chai iongezwe sukari, wakaendelea na Mama kuzungumzia kahawa.