Jinsi ya kuendesha klabu ya filamu mtaani: picha ya zamani mara moja kwa mwezi, na maongezi baada yake

Wadau, kila mwezi napata mtu ananiuliza nyie mnafanyaje mpaka watu wanakaa kwenye viti vya plastiki hadi saa nne usiku wanabishana kuhusu filamu ya Senegal ya mwaka 1966, kwaiyo leo naandika yote mara moja, nikiulizwa tena natuma hii tu. Tupo Dar, hatuna ukumbi, hatuna mfadhili, tuna projekta moja ya mtumba na ua wa nyuma wa ofisi ya rafiki yetu Kinondoni. Nitaenda kwa hatua ila msitegemee zilingane urefu, kuna mambo ya dakika mbili na kuna mambo yametutoa jasho mwaka mzima.

Kabla sijaanza: filamu watu wanazo kwenye simu, bando likiwepo wanaangalia wamelala. Wanachokosa ni mtu wa kubishana nae wakimaliza. Mimi nilichelewa sana kuelewa hilo, mwaka wa kwanza hela yote iliishia kwenye projekta na maongezi tukayaacha yajiendeshe, yakafa.

Hatua ya 1: Chagua siku, alafu usiiguse tena

Yetu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Giza Dar linaingia mapema mwaka mzima, ikifika saa moja na nusu ukuta unaonyesha vizuri, ila ukianza muda huo unawakosa wanaoswali Isha na wanaokwama foleni ya kutoka mjini. Ramadhani tunapumzika kabisa, usijaribu kushindana na tarawehe. Mwezi wa kwanza walikuja watu 9, wanne ni ndugu zangu. Tuliwahi kusogeza siku mara moja tu, kisa mpira, na miezi miwili iliyofuata watu wakawa wanapiga simu kuuliza mpo au hampo.

Hatua ya 2: Kuchagua picha

Usianze na ile unayoipenda wewe kuliko zote, utanuna watu wakisinzia. Anza na fupi. Mchanganyiko ambao haujawahi kuniangusha ni Borom Sarret ya Ousmane Sembène, muongozaji filamu wa Senegal (1963, kama dakika 20) ikifuatiwa na La Noire de... ya huyo huyo Sembène (1966, kama saa moja). Zote mbili pamoja hazikufikishi hata saa moja na nusu, na zimekarabatiwa kupitia World Cinema Project, ule mradi wa taasisi ya Martin Scorsese, muongozaji filamu wa Marekani, kwaiyo picha ni safi na mwenye haki za filamu anajulikana. Za nyumbani ipo Arusi ya Mariamu (1985), Kiswahili kitupu, haifiki hata dakika 40, inahusu mganga na hospitali na hapo hamna mtu atakaa kimya. Kama mna watoto wekeni La Petite Vendeuse de soleil ya Djibril Diop Mambéty (1999, dakika 45), binti wa magongo anauza magazeti Dakar. Touki Bouki ya Mambéty (1973) nayo nzuri mno ila inaanza na ng'ombe machinjioni, damu kweli kweli, waambie watu mapema, sisi hatukusema na bi mkubwa mmoja alikusanya mkoba wake akaondoka na wajukuu wawili.

Alafu msiwasahau wazee. Wazee wa Dar wana sinema kichwani kuliko sisi wote, wamekulia kumbi za Empire, Avalon, Odeon, New Chox, wameenda drive-in Msasani wamejazana kwenye pikapu. Wao hawasemi filamu wanasema "picha", na mkali wa picha ni steringi. Tulipoweka Awaara ya Raj Kapoor (1951) wazee waliimba nyimbo za Kihindi neno kwa neno na vijana wakabaki wanawashangaa. Ila ile ni kama masaa matatu, lazima uikate katikati watu wakojoe.

Hatua ya 3: Ruhusa (msiiruke hii)

Diski ya dukani ni ya kuangalia nyumbani kwako. Filamu kuwepo Youtube haimaanishi una haki ya kuiweka ukutani mbele ya watu 60. Ni barua pepe tu kwa mwenye haki za filamu: taja jina la filamu na mwaka, tarehe, sehemu, viti vingapi, kiingilio kipo au hakipo, na kama unataka kuweka sabtaito (maandishi ya tafsiri chini ya picha) za Kiswahili omba hapo hapo kwenye barua hiyo hiyo. Sisi tumeshajibiwa bure, tumeshatajiwa hela ambayo hatuna, na kuna ambao hawajajibu mpaka leo, ndo maana tunaandika miezi mitatu kabla na tunakuwa na filamu ya akiba.

Kwa filamu za Afrika zenye mkono wa Ufaransa, uliza kituo cha utamaduni wa Kifaransa kilichopo mjini kwenu (hapa Dar ni Alliance Française, Upanga) kuhusu mkusanyiko unaoitwa Cinémathèque Afrique, upo mahsusi kwa maonyesho ya kitamaduni kama haya. Filamu za Bongo ni rahisi zaidi, mtengenezaji mpigie simu, wengi wanafurahi mpaka wanakuja wenyewe, na akija yeye siku hiyo viti havitoshi.

Upande wa serikali, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inagusa pia kuonyesha hadharani, sio kutengeneza tu. Nenda Bodi ya Filamu uulize kabla ya kubandika tangazo. Nenda asubuhi.

Hatua ya 4: Sabtaito za Kiswahili

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo klabu yetu ilipogeuka. Mwanzo tuliweka sabtaito za Kiingereza, tukawa tunapata watu wale wale, mashati ya kuchomekea na wanafunzi wa chuo. Tulipoweka za Kiswahili akaja fundi cherehani wa jirani, akaja mlinzi wa geti, akina mama wa vitafunwa wakawa wanahamisha meza waone vizuri.

Unachukua programu ya Subtitle Edit, ni ya bure, unafungua faili la sabtaito la lugha unayoielewa unaandika Kiswahili chini yake. Mistari isizidi miwili, kila mmoja kama herufi 40, na isikae ukutani chini ya sekunde moja hata kama ni neno "Ndio". Kiswahili kina raha yake hapo, maneno matano ya Kifaransa yanaingia kwenye "Sikumwona", alafu sentensi inayofuata inakataa kabisa kukatika. Ikikataa, punguza. Mtazamaji anaona sura, sio lazima umwambie kuwa mtu amekasirika. Ukimaliza mpe mtu ambaye hajaiona filamu aangalie nayo, popote atakapokuuliza "amesemaje?" hapo rudia.

Kuna maneno yatawagombanisha na ni ugomvi mzuri. La Noire de... ni habari ya Diouana, binti wa Dakar anaepelekwa Antibes kufanya kazi za ndani. Mwajiri wake anaitwa Madame. Sasa Kiswahili tumwite nani? Mmoja akasema "mama", maana ndivyo dada wa kazi anavyomwita bosi wake hapa, mwingine akasema ukiandika mama umeshamlainisha yule mwanamke hata hajafungua mdomo. Tuliacha "Madamu". Jina lenyewe la filamu ndo lilitupa raha: kwa Kiingereza wameliita Black Girl, zile nukta tatu zikapotea, na bila nukta tatu umeua swali. Kifaransa kile "de" ni ya kutoka mahali na pia ya kumilikiwa. Kiswahili tunayo hiyo hiyo! "Mweusi wa..." Wa wapi, au wa nani? Tuliandika hivyo hivyo na nukta zake, na usiku ule swali la kwanza kutoka kwenye mkeka lilikuwa hilo.

Kuna siku tulijaribu msimuliaji mwenye maiki badala ya sabtaito, staili ya vibanda umiza enzi za Lufufu, yule msimuliaji maarufu wa filamu za kigeni. Watu walicheka wakafurahi lakini maongezi hayakuwepo, kila kitu alishamaliza kuwaambia yeye.

Hatua ya 5: Vifaa, haraka haraka

Projekta kuanzia lumeni 3000 (kipimo cha mwanga wake) inatosha kama ni usiku na taa ya geti imezimwa (ongea na mlinzi, mpe kiti). Kitambaa ni popelini nyeupe mbili zimeshonwa, pigeni pasi, mkunjo unaonekana usoni kwa steringi filamu nzima. Filamu za zamani picha yake inakaribia mraba, kwaiyo acha weusi ubaki kulia na kushoto, usiivute ijae kitambaa, watu wanakuwa wafupi wanene na hamna atakaekuambia, watahisi tu kuna kitu.

Sauti ni muhimu kuliko picha. Aisee nasema tena, sauti. Ukikodi spika za harusini shusha besi karibu yote maana zile zimepangwa kwa ajili ya muziki na maneno yanamezwa. Weka spika mbele chini ya kitambaa, na filamu nyingi za enzi hizo ni za sauti moja, spika moja nzuri katikati inatosha kabisa. Nenda kaa kiti cha mwisho usikilize mwenyewe.

Laptopu: zima wosap, zima masasisho, zima kulala. Mimi ujumbe wa mama mkwe ulitokea ukutani mbele ya watu 40, na haukuwa ujumbe wa salamu. Luku iangalieni mchana. Jenereta kama lipo likae nyuma ya jengo.

Hatua ya 6: Maongezi

Usiweke mapumziko kati ya filamu na maongezi. Ukisema "dakika kumi tunywe kahawa" nusu wanaondoka na daladala. Sisi muuza kahawa anaingia na birika lake majina yakiwa bado yanapanda ukutani, anamimina watu wakiwa wamekaa, kashata zinazunguka kwenye sinia, mikono ikiwa na kikombe cha moto mtu haondoki. Taa washeni moja tu ya pembeni. Viti vya mbele geuzeni vitazame nyuma.

Muongozaji wa maongezi awe ameshaiona filamu mara mbili na ana maswali matatu kwenye karatasi. Swali la kwanza lisiwe "mmeionaje", utajibiwa "nzuri" na umeisha. Sisi tunauliza: kitu gani ulichokiona kwa macho kimekukaa kichwani? Kitu. Kofia, mlango, mkono. Kila mtu anaweza kujibu hilo hata kama hajasoma, na hamna jibu la kukosea. Tunaanza na waliokaa kwenye mkeka na akina mama, kwa makusudi, maana ukianza na wenye viti vya mbele ni wanaume wanne wanaongea mpaka saa nne.

Mfano. Borom Sarret ni dereva wa mkokoteni wa farasi, anabeba watu siku nzima hela haionekani, mwisho anakubali kumpeleka bwana mmoja mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, polisi anauchukua mkokoteni. Anarudi kwake na farasi tu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamwambia leo tutakula, anatoka. Filamu imeisha hapo. Sasa we uliza tu: mke anaenda wapi? Kaa kimya. Kaa kimya kweli, hesabu hadi kumi kichwani. Kwetu kijana mmoja alisema anaenda kujiuza, dada mmoja akamrukia, kwanini mkifikiria mwanamke anatafuta chakula mnafikiria hilo tu, anaenda kukopa kwa jirani kama tunavyokopa sisi kila siku. Dereva wa bajaji aliekuwa amesimama nyuma kabisa akasema yeye mke hakumwona hata, alikuwa anauangalia mkokoteni, kwasababu na yeye alishakamatwa mjini kati na bajaji ya bosi, akarudi nyumbani kwa mguu. Hapo maongezi hayakuhitaji muongozaji tena, mi nilikaa chini nikanywa kahawa.

Wanaoongea sana wapo kila sehemu. Mzee akizidisha usimkate kama mtoto, mwambie "mzee wangu, naomba tukushikie hapo hapo, hilo la mwisho tulisikie na kutoka kwa dada huyu", umemchukulia maneno yake umempa mwingine na heshima ipo. Msomi anaeanza na nadharia, muulize ameiona kwenye tukio gani, kama ipo ataitaja, kama haipo atapunguza mwenyewe. Na anaesimulia filamu upya toka mwanzo mwambie tu, "tulikuwepo wote ndugu yangu".

Saa nne na robo funga, hata kama yamenoga. Hasa kama yamenoga. Watawahi mwezi ujao, na wa Mbagala wapate gari.

Hatua ya 7: Usiku ule ule

Daftari. Andika idadi ya watu, nani mgeni, swali gani liliwaka na lipi lilikufa, sauti ilisumbua wapi. Usingoje kesho. Taja filamu ya mwezi ujao kabla watu hawajainuka, jina na mwaka tu, usiisimulie. Kopo la mchango lizunguke mkononi kwa mtu, likikaa mlangoni halijazwi. Na hesabu viti kabla wenye viti hawajaja, kwetu vilitoka 60 mwezi uliopita vikarudi 58, viwili bado tunavitafuta, nasikia kimoja yupo nacho mlinzi.