Unaenda kuvua na boti ndogo mara ya kwanza? Nunua hivi, vile achana navyo

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza naalikwa kwenda kuvua na boti, tunatokea Kunduchi, Dar, niliingia duka moja mjini nikanunua rodi ya futi 12, inang'aa hatari, muuzaji ananiambia hiyo ndo ya bahari kaka, hiyo hata papa anatoka. Ni kweli ya bahari, ila ni ya mtu anayerusha akiwa amesimama ufukweni. Boti yenyewe ilikuwa ya futi 19, tupo watu wanne na deli la barafu katikati, kila nikigeuka nampiga mtu kichwani, mwisho nahodha akaichukua kimya kimya akailaza chini halafu akanipa mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Nikatoa changu saba na kale kaubao. Rodi yangu ilirudi nyumbani haijalowa.

Kwa hiyo wakuu kabla hujatoa hata shilingi mpigie nahodha kwanza, muulize mtatuliza boti mvue chini au mtarambaza (yani boti inatembea mnaburuta chambo nyuma), maji yatakuwa mita ngapi, na rodi za kuazima anazo au hana. Wengi wanazo. Kama anazo na we ni mara yako ya kwanza, azima, hela yako weka kwenye vitu vidogo vya mwisho wa mshipi, ntavielezea huko mbele maana ndo vinavyopotezea watu samaki. Muulize pia habari ya leseni na sehemu mnayoenda, kwa sababu Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, kule unaenda kuogelea na kula chipsi samaki, huendi kutupa ndoana.

Na tarehe usichague kwa kuangalia tu lini upo ofu. Kusi ikishika, kama mwezi wa 4 mpaka wa 9 hivi, boti ndogo inaruka kama punda na we mgeni utatapika tu, rodi nzuri haitakusaidia kitu. Mimi ningesema subiri maleleji, mwezi wa 10 na 11, bahari imetulia, au asubuhi za kaskazi kabla upepo haujapanda. Mwezi nao uangalie. Bamvua (mwezi mpevu au mwandamo) maji yanakimbia, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 100 halifiki chini linapelekwa pembeni huko, inabidi uwe na la 250 au 300, wakati maji mafu (mwezi nusu) hilo hilo la 100 linakaa freshi kabisa. Ndo maana nasema beba ya uzito tofauti tofauti, usinunue kumi yanayofanana.

Haya, umeamua unataka rodi yako. Chukua futi 6 na nusu au 7, isizidi hapo, imeandikwa paundi 30 au kati ya 20 na 40 (yani nguvu ya mshipi unaoifaa), na kwenye boti ndogo ninge­shauri rili ya kuzungusha pembeni, ile ambayo spuli yake imesimama na ina kile kiwaya cha kufungua na kufunga, saizi 6000 mpaka 8000. Kuna watu watakwambia chukua ile ya duara inayokaa juu ya rodi, ni nzuri sana kwa kurambaza sikatai, ila mgeni lazima imletee fujo ya mshipi kwenye spuli na utashinda siku nzima unafumua. Penn, Shimano, Daiwa zote zipo za bei ya kawaida. Usihesabu beringi wala rangi, we jaribu breki, kile kifundo cha rili kinachoamua mshipi uachie kwa nguvu kiasi gani. Izungushe kidogo kidogo uone mshipi unatoka kwa ulaini au unakwama unatoka unakwama unatoka. Ikiwa ya kukwama kwama irudishe hapo hapo, nguru akikimbia mita 50 kwa pumzi moja halafu breki ikashika ghafla, mshipi umekatika na we umebaki unaangalia mawimbi.

Breki hii wacha niikalie kidogo maana hakuna mtu aliyenifundisha. Mshipi wa paundi 30 unakatika kwenye kama kilo 13 na nusu, na breki unaiweka kati ya robo na theluthi ya hapo, yani kama kilo 3 na nusu mpaka 4 na nusu. Sasa mizani utatoa wapi? Chukua dumu la maji la lita 5. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo jaza lita 3, funga mshipi kwenye mkono wa dumu, elekeza ncha ya rodi chini kwenye dumu na unyanyue taratibu. Breki inatakiwa ishike. Ongeza maji mpaka lita 4, hapo ianze kuachia. Ikiachia kwenye 3 kaza kidogo, ikishikilia hata dumu likijaa legeza. Fanya hii kazi jioni nyumbani, watoto watakucheka ila kule baharini samaki akishakamata hautashika shika breki hovyo, utajua tu ipo sawa.

Mshipi wenyewe kuna aina mbili, wa nailoni na wa kusuka. Wa nailoni unavutika, unasamehe makosa, ni wa bei poa, na kwa kurambaza unafaa sana. Ila ukivua chini kwenye mita 30 au 40 ule mvutiko unakuzibia, changu anadonoa we huna habari, unakuja kupandisha ndoana tupu. Wa kusuka hauvutiki, ukiguswa tu unajua, na ni mwembamba kwa hiyo rili inabeba mita 300 bila shida. Mimi nishahamia huko. Angalizo mawili tu: usiuzungushie mkononi hata siku moja maana unakata kama wembe, na chini kabisa ya spuli anza na mizunguko michache ya nailoni la sivyo wote unateleza unazunguka bure. Na ukinunua wa nailoni usikubali ule uliotundikwa kwenye kioo cha duka unapigwa jua mwaka mzima, jua linauoza, chukua wa ndani kwenye boksi halafu vuta kipande kwa mkono uone.

Sasa mwisho wa mshipi. Huku ndo kwenye utamu.

Mshipi wa kusuka haufungwi moja kwa moja na ndoana, unaunga kwanza lida ya nailoni nene, paundi 60, kama mita mbili, ili mwamba usiukate. Kwa kuvua chini chubwi linakaa mwisho kabisa, na ndoana mbili zinatoka pembeni juu yake, moja kama shubiri mbili toka chini na nyingine juu yake zaidi zisigusane. Ujanja nilioupata kwa yule nahodha wa kaubao ni huu: lile chubwi lifunge kwa kipande cha mshipi dhaifu, paundi 15 hivi. Likinasa kwenye mwamba, na litanasa, unavuta kinakatika kile kipande tu, ndoana na samaki wako wanapanda juu. Na kwa kuwa unajua yatapotea, risasi ya dukani ya nini? Natumia nati kubwa na plagi chakavu za bodaboda, fundi wa mtaani kwetu ananiwekea kwenye kopo.

Ndoana za changu namba 2/0 mpaka 4/0 zinatosha, ukitaka chewa panda 6/0. Watu wanapenda kununua kubwa wakidhani ndo samaki mkubwa atakuja, matokeo yake wadogo wanakula ngisi wote pembeni pembeni na mkubwa hajafika. Zile za duara, ambazo ncha imeinama kuangalia ndani, ni nzuri kwa mgeni ila usizivute kwa nguvu ukihisi kitu, acha samaki aondoke nayo mshipi ukaze wenyewe ndo uanze kuzungusha rili, ndoana inajikamata kwenye kona ya mdomo. Chambo pita soko la samaki la Feri alfajiri uchukue ngisi au vibua, kata vipande virefu vyembamba vicheze kwenye maji.

Kama mtarambaza mnamtafuta nguru basi lida ya nailoni peke yake haikutoshi, yule ana meno, na mzia ndo usiseme. Weka waya kama sentimita 30 kabla ya chambo na kizungushio kati yake na lida ili mshipi usijisokote. Samaki bandia wa plastiki mwenye kile kidomo cha kumzamisha, sentimita 14 hadi 16, wawili tu wanatosha, mmoja wa rangi ya fedha na bluu na mwingine mwekundu kichwani mweupe mwilini. Duka lina rangi arobaini, nyingi zimetengenezwa kumnasa mnunuzi. Jodari na kolekole nao wanapiga hao hao, ila kolekole mkubwa akiingia na rodi hii ya paundi 30 jiandae kutoka jasho, anakimbilia kwenye mwamba moja kwa moja.

Fundo la ndoana jifunze moja tu ulijue ukiwa umefumba macho: pitisha, zungusha mara tano, rudisha kwenye kitanzi, lowesha kwa mate kabla hujakaza. Ukikaza kavu nailoni inaungua na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo.

Vingine kwa haraka: plaizi ya mdomo mrefu, kisu, taulo kuukuu, kofia, maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri, na jaketi okozi ulivae, usilikalie. Taulo na plaizi si mapambo. Tasi ana miiba yenye sumu, akikuchoma mkono utalia kama mtoto, na ukitoa bunju yule anayejijaza kama mpira mrudishe majini, ana sumu ukimla, usije ukampelekea shemeji zawadi.

Mkirudi kaza breki maji yasiingie ndani, osha rodi na rili kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole, usipige na presha maana inasukuma chumvi ndani, anika kivulini, halafu ndo ulegeze breki yote. Mimi ile siku ya kwanza sikuosha kitu, rodi haikulowa si nimesema, nikaiweka juu ya kabati sebuleni. Bado ipo hapo, wife anaangikia pazia.