Jinsi ya Kugeuza Mabanda ya Kambi ya Pwani Kuwa Nyumba za Umiliki wa Zamu

Mabanda manane ya makuti, choo cha pamoja nyuma ya mkwaju, na jenereta inayokohoa hadi saa nne usiku. Kambi za namna hii ziko kadhaa katika pwani ya Kenya, na wenye nazo mara nyingi ni familia zilizorithi kiwanja kutoka kwa mzee. Siku hizi mgeni anataka choo cha ndani, feni inayozunguka na intaneti isiyokatika. Pesa za kujenga hakuna. Ndipo linapozuka wazo la zamu: banda lijengwe upya liwe nyumba ndogo ya kisasa, kisha wiki zake za mwaka ziuzwe, kila mnunuzi na wiki yake.

Wazo si baya. Linaloharibu ni kuanza na mkia, yaani kuuza wiki kwa picha za kompyuta na kusaka vibali baadaye. Wiki haiwezi kusimama bila nyumba iliyosajiliwa kama yuniti, yaani nyumba yenye hati yake peke yake. Yuniti haisajiliwi bila ramani iliyoidhinishwa na kaunti, na kaunti haitaidhinisha nyumba za kitalii kwenye shamba ambalo kisheria bado ni la kilimo. Kwa hiyo tuanze na hati.

Hati ya ardhi

Omba upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, ule wanaouita sachi. Angalia mambo matatu: jina la mwenye ardhi, aina ya umiliki, na kama kuna mkopo au zuio lililoandikwa juu yake.

Jina likiwa bado la marehemu, simama hapo. Lazima mirathi ifunguliwe mahakamani. Kwa familia za Kiislamu, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kupeleka shauri huko. Katika mahakama za kawaida ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na barua za usimamizi, zinazompa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6. Waorodhesheni watoto wote wa mzee, na mabinti walioolewa wamo. Ukimruka shangazi leo, atatokea siku nyumba zikishapakwa rangi.

Ukiwa na ardhi ya kukodi kutoka serikalini, hesabu miaka iliyobaki. Sheria ya umiliki wa yuniti (Nambari 21 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huohuo) haigusi ardhi ya kukodi yenye muda uliobaki chini ya miaka 21. Iliyobaki 18? Omba kuongezewa muda kwanza.

Kubadilisha matumizi ya ardhi

Ajiri mtaalamu wa mipango ya matumizi ya ardhi aliyesajiliwa. Yeye ndiye anayeandika ripoti ya kueleza kwa nini shamba la kilimo au kiwanja cha makazi kigeuke kuwa cha utalii, na ndiye anayewasilisha ombi kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi (Nambari 13 ya mwaka 2019). Tayarisha nakala ya hati, matokeo ya sachi ya karibuni, ramani ya eneo, na risiti kwamba kodi za ardhi zimelipwa. Utaweka pia bango kiwanjani na tangazo gazetini ili majirani wapate kusema. Nenda ukazungumze nao kabla ya bango. Jirani kulisikia jambo kwako si sawa na kulisoma kwenye bango.

Sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Wengi hushangilia kifungu hiki. Mimi nisingejenga juu ya kimya cha ofisi: utakapofika kwa msajili wa ardhi utaulizwa karatasi yenye muhuri, na siku 60 hazina muhuri. Fuatilia hadi uipate. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Na ukianza kujenga bila ruhusa, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Mazingira

Kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, huombwa kupitia mtaalamu aliyesajiliwa nayo. Yeye huandaa ripoti ya mradi, na NEMA huamua kama inatosha au ufanyike uchunguzi kamili.

Hapa usitafute njia ya mkato, kwa sababu suala lenyewe ni maji. Choo kimoja cha shimo kikigeuka kuwa vyoo vinane vya kuvuta, na bafu nane, na pengine bwawa la kuogelea, ujue maji hayo yote yanakwenda mahali. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya ardhi ya pwani una matundu kama sifongo. Maji machafu hupenya hadi kisimani kwako, kisimani kwa jirani, kisha baharini. Mwambie mtaalamu akuoneshe hasa mtambo wa kusafisha maji taka utakaa wapi na nani atauhudumia miaka kumi ijayo, maana gharama hiyo itaingia kwenye ada ya kila mwenye zamu. Ukiwa karibu na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, tarajia kuulizwa pia kuhusu taa: kasa hutaga kwenye fukwe hizi, na vitoto vyao vikiona mwanga upande wa nchi kavu hupotea njia ya majini.

Ujenzi

Michoro ya msanifu na mhandisi ipigwe muhuri na kaunti, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla ya jembe la kwanza, na mkandarasi awe naye amesajiliwa. Ukipenda kubakiza makuti kwa ajili ya sura, zungumza mapema na bima; makuti na nyaya za umeme havipatani. Kazi ikiisha, chukua cheti cha kuruhusu nyumba kukaliwa.

Kusajili yuniti

Mpimaji ardhi mwenye leseni ataandaa ramani ya yuniti kutokana na michoro iliyoidhinishwa. Lazima ioneshe yuniti mbili au zaidi, nambari ya kila moja, ukubwa wake wa sakafu unaokadiriwa, na iwe imefungwa kwenye nukta halisi za dunia (latitudo na longitudo). Isainiwe na mwenye ardhi, ipate saini na muhuri wa ofisi ya serikali inayosimamia upimaji, kisha ipelekwe kwa msajili ikiwa nakala nne pamoja na hati ya asili.

Msajili hufunga rejista ya kiwanja kizima na kufungua rejista ya kila yuniti peke yake. Hati yako ya zamani hairudi. Njia, kisima na maegesho vinakuwa mali ya pamoja, kila yuniti na fungu lake, na shirika la wamiliki linazaliwa kisheria papo hapo. Kanuni za shirika ziandikeni mapema, wakati bado ni ninyi kwa ninyi.

Zamu yenyewe

Kenya haina sheria maalumu ya zamu, kwa hiyo unachagua chombo kati ya vilivyopo.

Njia ya kwanza ni kuwaandika wanunuzi wote kama wamiliki wenye mafungu kwenye yuniti. Inapendeza masikioni kwa sababu kila mtu yumo kwenye rejista. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mwenye fungu anayemuuzia mtu wa nje apate idhini ya maandishi ya wenzake waliobaki. Fikiria wenye mafungu wakiwa 50, nawe unakusanya saini 49, wengine wako Nairobi, wengine Milano, mmoja hapokei simu.

Ya pili ni kampuni binafsi moja kwa kila nyumba. Kampuni inamiliki yuniti, mnunuzi anapata hisa na mkataba wa wiki yake. Sheria ya Makampuni ya 2015 inaweka ukomo wa wanachama 50, na mwaka una wiki 52. Ukitenga mbili za ukarabati, hesabu inakaa sawa kana kwamba ilipangwa. Sharti lake ni kwamba kampuni binafsi haiwezi kualika umma kununua hisa, kwa hiyo sahau bango la barabarani. Tena, Kifungu cha 65 cha Katiba kinahesabu kampuni kuwa ya raia iwapo tu inamilikiwa yote na raia. Mwitaliano mmoja akinunua wiki moja, kampuni nzima si ya raia tena, na haiwezi kushika ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Na kama ulipuuza kubadilisha matumizi, hisa za kampuni yenye ardhi ya kilimo nazo zinahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi.

Ya tatu ni mkataba mtupu wa haki ya kutumia. Ni rahisi na haraka, ila mnunuzi hana lolote kwenye rejista, na ukifilisika anabaki na karatasi. Mimi ningechagua ya pili.

Kuhusu kugawa wiki, usizipange kwa nambari tu. Wiki ya Krismasi wakati wa kaskazi na wiki ya Mei katikati ya masika haziwezi kuwa bei moja. Ama ziwe na bei tofauti, ama zizunguke, aliyepata mvua mwaka huu apate jua mwakani. Ada ya matunzo iandikwe kwenye mkataba pamoja na namna itakavyopandishwa.

Ukiwatafuta wanunuzi walioko Ulaya, sheria ya huko ya mwaka 2008 inampa mnunuzi wa zamu siku 14 za kujitoa bila sababu, na inakataza kupokea malipo yoyote ya awali ndani ya siku hizo. Wape na Wakenya haki hiyohiyo.

Leseni na kodi

Omba leseni kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na ujisajili kwa ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mapato ya malazi. Yuniti inapohamishwa, ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 nje ya mji, na faida ya muuzaji hukatwa asilimia 15 tangu Januari 2023.

Amana za wanunuzi wa mwanzo zikae kwenye akaunti ya wakili, si ya familia, mpaka cheti cha yuniti kitoke.