Brauza gani ukae nayo: zijaribu hivi kabla hujaamua

Hapa steshenari Chake Chake haipiti wiki hajaja mtu kuniuliza brauza gani nzuri, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, na mie siku hizi sikimbilii kumtajia jina, namuuliza kwanza simu yako ina memori kiasi gani, bando unanunua la siku au la mwezi, na mtandaoni unafungua nini khasa. Maana mwanafunzi anaejaza fomu za mkopo haja yake si haja ya bi mkubwa anaesoma khabari na kutafuta mapishi, ukimpa mmoja brauza ya mwenziwe ataona taabu tu.

Jambo la kulijua mwanzo, brauza nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Chrome, Edge, Brave, Samsung Internet na Opera ile ya kawaida zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi mmoja wa programu, Edge ilihamia huko mwaka 2020. Kwaio ukurasa ukifunguka vizuri kwenye Chrome basi na kwa hao ndugu zake utafunguka, usipoteze muda kuzilinganisha kwa hilo, linganisha matangazo, bando na uzito wa simu. Firefox ndo ina injini yake mbali, yaani ile sehemu inayouchora ukurasa, inaitwa Gecko. Na wenye iPhone msisumbuke sana, kwetu huku hata ukiweka Chrome kwenye iPhone ndani yake ni injini ile ile ya Safari, brauza ya Apple inayokuja na simu.

Sasa kujaribu. Chagua mbili tu, ziweke zote kwenye simu, halafu andika pembeni kurasa tano unazozifungua kweli kila siku, si kurasa za kujaribia, zako wewe: labda gazeti, barua pepe, matokeo ya NECTA, tiketi ya boti ya kwenda Unguja, na fomu moja yoyote yenye kupandisha faili. Siku tatu tumia hii, siku tatu tumia ile. Kisha ingia Setingi, tafuta matumizi ya data, simu itakuonesha kila programu imekula MB ngapi. Lakini siku ya kwanza ya kila brauza usiihesabu, kwa sababu inakuwa haijahifadhi kitu, kila picha na kila nembo inaishusha upya, kuanzia siku ya pili ndo utaona hali yake. Na video usiangalie ndani ya brauza siku hizo za majaribio, video moja ikiingia hesabu yote imeharibika, hutojua tena kilichokula bando ni nini.

Watu wengi wakifanya hivi wanashangaa kuona kumbe kinachokula bando si khabari wanayoisoma, ni matangazo yanayoizunguka. Hapa ndo mie nina msimamo wangu. Chrome ya simu haikubali viongezeo, yaani vijiprogramu vya kubandika ndani ya brauza, kwaio huwezi kuiwekea kizuizi cha matangazo kama uBlock Origin, lakini Firefox ya Android inakubali: fungua menyu, nenda kwenye viongezeo, tafuta uBlock Origin, kiweke, basi. Ukifungua tena lile gazeti utaona ukurasa umetulia na unakuja haraka. Asietaka kuhangaika na kuweka kitu atumie Brave, yenyewe inazuia matangazo tokea unapoifungua mara ya kwanza. Mara moja moja ukurasa utagoma kwa sababu ya hicho kizuizi, kizime kwa ukurasa huo peke yake, usikitoe kabisa. Mie kwa kusoma natumia Firefox, na Chrome nimeiacha kwa fomu za serikali na mambo ya benki, maana wengi wanaotengeneza hizo fomu wanazijaribu kwenye Chrome kwanza.

Opera Mini nayo ina watu wake na nawaelewa, ukiwa sehemu mtandao ni wa kuvizia ukurasa kwa brauza za kawaida hauji kabisa, kwa Opera Mini unakuja. Ukiwasha ule ubanaji wake mkali wa kurasa, simu yako haiendi yenyewe kwenye tovuti, ombi linapitia kwenye mashine za Opera, zinaufungua ukurasa, zinaubana, kisha zinakuletea mdogo. Kwa kusoma ni raha. Ila vitufe vingine vinakuwa havifanyi kazi na fomu zinaweza kukwama, na mie kwa maoni yangu namba ya siri ya benki haina haja ya kupita mlango wa pili. Kwaio isomee khabari, fomu zipeleke kwengine. Na kama kuna mtu amekwambia Chrome nayo ina sehemu ya kupunguza data, alikuwa anasema kweli zamani, wameiondoa mwaka 2022.

Kuna jambo linaniuma. Mwaka juzi alinijia binti wa skuli, jioni ya mwisho ya kutuma maombi, simu yake fomu inajazika yote lakini kitufe cha kutuma hakibonyezeki, ameshalia huko nyumbani. Nikaangalia, brauza aliyokuwa nayo ni ile ile ilokuja na simu, haijaapdetiwa tokea siku simu iliponunuliwa. Tukaapdeti, tukarudia fomu mwanzo mpaka mwisho, ikaenda saa tano usiku. Ndugu zangu, kabla hujalinganisha chochote ingia Play Store uone brauza yako inataka kuapdetiwa au vipi, toleo la zamani linakufanya ulaumu mtandao na mtandao hauna kosa, na zaidi ya hilo matundu ya usalama yanabaki wazi. Kompyuta nazo vivyo hivyo, zipo ofisi bado zina Windows 7, na Chrome ya mwisho kwenye Windows 7 ni toleo 109 la mwaka 2023, baada ya hapo hakuna marekebisho yanayokuja. Kompyuta kama hio ichapie barua, lakini usiingizie paswedi ya pesa.

Na hili la watu kuniletea simu wakisema imeingia virusi, matangazo ya ajabu yanatoka juu ya skrini hata simu hujaigusa. Mara nyingi si virusi, ulifungua ukurasa ukakuuliza unaruhusu notifikesheni ukabonyeza ruhusu ili uondoke haraka. Kwenye Chrome ingia setingi, mipangilio ya tovuti, notifikesheni, utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu, zizuie zote usizozijua. Brauza haina haja ya kubadilishwa kwa hilo.

Unapotumia kompyuta ya steshenari, au ya mtu mwengine yeyote, mwambie akufungulie dirisha la siri (kwenye Chrome linaitwa Incognito), ukilifunga paswedi yako haibaki pale. Lakini lisikudanganye, linafuta kumbukumbu kwenye ile kompyuta tu, kampuni ya mtandao bado inaona tovuti unazoziendea.

Ukishaamua, iweke ile ulochagua iwe ndo ya kufungulia linki zote: Setingi, programu, programu chaguo-msingi, brauza. Linki za ndani ya Facebook bado zitafungukia humo humo Facebook, bonyeza vile vidoti vitatu uchague ifunguke nje. Ile brauza ya zamani usiifute siku hio hio, iache wiki mbili, kwa sababu paswedi zako zinaweza kuwa zimekaa humo na utazikumbuka siku unazihitaji. Kuzihamisha ni rahisi zaidi kwenye kompyuta, unazitoa Chrome kama faili, unalipandisha kwenye Firefox, halafu ukiingia kwa akaunti moja na kwenye simu zinakufuata. Lakini ujue lile faili mtu yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwaio ukishalipandisha lifute, na kwenye ndoo ya taka ulitoe pia.