Jinsi ya kupiga hesabu ya dozi ya figo kwenye tiba ya lutetiamu-177

Mtu akisikia mgonjwa kachomwa sindano ya lutetiamu-177 (dawa yenye mionzi ya kutibu saratani) ya 7.4 GBq (GBq ni mioozo bilioni moja kwa sekunde, MBq ni milioni moja) anadhani hiyo 7.4 ndo dozi, hapana, hicho ni kiasi cha dawa kilichoingia mwilini tu. Dozi yenyewe ni nishati iliyobaki ndani ya kiungo ukigawa kwa uzito wa kiungo hicho, juli kwa kilo, ndo tunaita Gy (grei). Kwaiyo wagonjwa wawili mnaweza mkawachoma kiasi kilekile na figo za mmoja zikala dozi mara mbili ya mwenzake.

Kwa nini figo? Dawa hii inaenda kushika uvimbe wa neuroendokraini (saratani ya seli zinazotoa homoni), inayobaki inatoka na mkojo, shida ni kwamba figo zinaifyonza tena sehemu yake na kuikalia siku kadhaa, ndo mana mgonjwa anawekewa dripu ya lysine na arginine (amino asidi) kuzipunguzia mzigo. Ule utafiti mkubwa wa NETTER-1 uliotoka 2017 uliwapa watu 7.4 GBq mara 4, kila baada ya wiki 8, kipimo kimoja kwa wote. Sisi hapa tunataka hesabu ya mgonjwa mmoja mmoja, kama wanavyofanya kwenye tafiti zinazoamua idadi ya mizunguko kwa kuangalia figo zenyewe zimefika wapi.

Anza na bomba la sindano. Pima kabla ya kuchoma, pima tena baada ya kuchoma, mana kuna dawa inabaki mule ndani na kwenye mpira wa dripu, afu andika saa. Na saa ya chumba cha dawa ilingane na ya kompyuta ya kamera, watu wanadharau hili.

Baada ya hapo mgonjwa anapigwa picha kwenye SPECT/CT (kamera inayosoma mionzi inayotoka mwilini, pamoja na picha ya CT), tuseme saa 24 na saa 96 toka achomwe, ukipata na ya saa 168 vizuri zaidi. Kamera inasoma ile gamma ya 208 keV (keV ni kipimo cha nishati), ila yenyewe inakupa hesabu za mapigo tu haikupi MBq, lazima uwe umeshaipima na chupa ya maji yenye lutetiamu ya kiasi unachokijua, kwa mipangilio ileile utakayotumia kwa mgonjwa. Unazungushia figo kwenye picha, unapata MBq.

Sasa tuchukue mfano (namba nimezitunga ila zinafanana na za kweli). Figo zote mbili saa 24 zina 180 MBq, saa 96 zina 68. Nusu-uhai ya humo ndani, yani muda wa kiasi kupungua nusu, ukijumlisha dawa kuoza na mwili kuitoa, ni 72 × 0.693 ÷ ln(180/68), inakuja saa 51 (72 ni saa kati ya picha mbili, ln ni logi asilia, 0.693 ni ln ya 2). Kumbuka lutetiamu yenyewe ina nusu-uhai ya siku 6.65, karibu saa 160, kwaiyo ukipata jibu linalozidi 160 usiendelee, kuna kitu umekosea mana haiwezi ikakaa mwilini muda mrefu kuliko inavyooza kwenye chupa.

Rudisha mstari nyuma mpaka saa 0 unapata kama 249 MBq. Eneo lote chini ya mchoro ni 249 × 51.3 ÷ 0.693, takriban 18,400 MBq·saa, au 18.4 GBq·saa. Hiyo ndo jumla ya mioozo yote iliyotokea ndani ya figo.

Kila muoozo wa lutetiamu unatoa elektroni zenye wastani wa 147 keV, zinasafiri milimita chache tu kwaiyo nishati karibu yote inaishia hapohapo. Ukibadilisha kwenda juli, GBq·saa moja ndani ya kilo moja ni 0.085 Gy. Gamma nayo inaongeza kidogo, kwa figo hesabu ya haraka unaiacha. Kwaiyo 18.4 × 0.085 ÷ 0.3, nikichukulia figo zina gramu 300, ni 5.2 Gy kwa mzunguko mmoja, mara 4 ni 20.8.

Hapo kwenye uzito ndo watu wanachezea. Vitabu vinasema figo za mwanaume ni gramu 310 na za mwanamke 275, lakini mgonjwa wako sio kitabu. Figo zikiwa gramu 250 na MBq zilezile, 5.2 inakuwa 6.3 na jumla inafika 25, wakati kikomo kinachotumika sana ni 23. Pima ujazo kwenye CT yake mwenyewe. Au fanya kama hospitali ya Uppsala kule Sweden, unaweka kiduara kidogo cha mililita 4 ndani ya nyama ya figo, unasoma MBq kwa mililita, huhitaji uzito kabisa na zile kingo za picha zilizofifia hazikusumbui.

Mgonjwa hawezi kurudi mara mbili? Hänscheid na wenzake wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha 2018 kwamba picha moja ya saa 96 inatosha: MBq × 2 × 96 ÷ 0.693. Kwa huyu wetu 68 × 192 ÷ 0.693 ni kama 18,800, tofauti ya asilimia 2 tu na ile ndefu.

Ila hiyo 23 nayo usiibebe kama amri. Ilitoka kwenye mionzi ya nje ya mashine, inayopiga kwa dakika chache, wakati lutetiamu inachoma polepole na figo zinapata muda wa kujitengeneza, ndo mana tafiti nyingi zinatumia BED (dozi iliyorekebishwa kulingana na athari yake mwilini): D + D² ÷ 2.5 × 2.8 ÷ (2.8 + 51), D ni dozi ya mzunguko mmoja, 2.5 ni namba ya jinsi figo zinavyoathirika na mionzi, ile 2.8 ni saa za figo kujirekebisha, na 51 ni nusu-uhai tuliyopata. Kwa 5.2 inakuja kama 5.8, mizunguko 4 ni 23, na kikomo kinachotumika kwa asiye na sukari wala presha ni 40. Utafiti wa Iluminet wa Sweden hatua ya kwanza walilenga BED ya karibu 27, kwaiyo huyu mgonjwa aliyeonekana yuko ukingoni kwa kipimo cha zamani, huku mzunguko wa 5 unajadilika kabisa. Mpe fizisisti (mtaalamu wa hesabu za mionzi) mwingine arudie hesabu toka kwenye picha, sio toka kwenye karatasi yako, na chembe sahani za damu ziangaliwe kabla, mana uboho (sehemu ya mfupa inayotengeneza damu) unaweza ukakataa hata kama figo zimekubali.